Pikapu Inatetemeka: Lipia Kipimo Kabla ya Spea

Kuna wenzetu wengi hapa chuoni ambao ada yao imepita kwenye bodi la pikapu. Ndiyo inayopeleka ndizi sokoni, saruji saiti na kreti za soda dukani. Siku ikianza kutetemeka, simu inapigwa: "Mwanangu, wewe si uko chuo? Fundi anasema tubadilishe pampu ya mafuta. Tubadilishe?" Hata kama unasoma sheria au ualimu utaulizwa tu, maana nyumbani msomi ni msomi.

Makala hii inakusaidia kujibu simu hiyo. Huhitaji kujua kufungua injini. Unahitaji kujua maswali manne na mpangilio wake, ili pesa ya nyumbani isiishie kwenye spea ambazo gari halikuzihitaji.

Tutumie mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: Toyota Hilux ya petroli, injini ya 2TR-FE, lita 2.7, silinda nne, gia za mkono. Kila silinda ina plagi yake, koili yake na injekta yake. Dizeli tutaigusa baadaye.

Kwa nini spea zinabadilishwa kwa kubahatisha

Tuwe wakweli: fundi wa mtaani halipwi kwa kupima, analipwa kwa kufunga. Akikaa saa mbili anasikiliza na kulinganisha, halafu akakuambia tatizo ni mpira wa hewa uliopasuka, atakulipisha nini? Wengi wetu tutampa ya soda na kumwambia asante fundi. Lakini akifunga koili mpya, hela yake ipo. Kwa hiyo anaanza na koili. Isipopona anahamia plagi, halafu injekta, halafu pampu.

Piga hesabu kwa Hilux yetu: plagi 4, koili 4, injekta 4 na pampu 1 ni vitu 13. Kama ugonjwa ulikuwa mpira wa hewa, umenunua vitu 13 visivyohusika na gari bado linatetemeka. Si lazima fundi awe tapeli ili hili litokee. Inatosha tu kwamba hakuna aliyelipia kipimo.

Swali la 1: Mtetemo unafuata injini au unafuata mwendo?

Hili ndilo swali mama. Simamisha gari mahali tambarare, vuta hendibreki, weka nyutro, acha injini kwenye sailensi, yaani izunguke bila mguu kwenye mafuta. Inatetemeka? Basi matairi na propela hayana kesi, maana havizunguki. Haitetemeki? Panda mafuta taratibu hadi mizunguko ile ile ya injini ambayo gari hutetemeka likiwa barabarani. Likitulia hapo, lakini ukienda 80 linatikisika, angalia chini ya gari kabla hujagusa injini.

Hesabu zake ni za fomu tu. Injini ikiwa sailensi kwenye mizunguko 750 kwa dakika, inazunguka mara 12.5 kwa sekunde. Kila silinda hulipua mara moja katika mizunguko miwili, kwa hiyo silinda nne zinatoa milipuko 25 kwa sekunde. Hiyo mkono hauisumbukii sana. Silinda moja ikifa, pengo lake linajirudia kama mara 6 kwa sekunde, na ndiyo ile tikisa-tikisa nzito unayoihisi kwenye stelingi na kiti. Mafundi wanasema gari "linamisi".

Sasa tairi. Saizi ya 225/70R15 ina kipenyo cha karibu sentimita 70 na mzingo wa kama mita 2.19. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari linakwenda mita 22 kwa sekunde, kwa hiyo tairi linazunguka mara 10 hivi kwa sekunde. Kama uwiano wa difu ni 4.1, propela inazunguka kama mara 41 katika sekunde hiyo hiyo. Simu yako ina sensa ya mtikisiko, na programu za bure zinakuonyesha mtetemo ni mara ngapi kwa sekunde. Abiria aishike kwenye kiti, dereva aangalie barabara. Ukisoma karibu 10, anza na tairi na rimu. Ukisoma karibu 41, anza na propela. Angalizo moja: krosi mbovu huweza kutikisa mara mbili kwa kila mzunguko, yaani zaidi ya 80, na simu inayochukua vipimo 100 kwa sekunde haiwezi kuonyesha sawasawa chochote kinachozidi 50.

Swali la 2: Ni silinda moja au ni zote?

Tuseme Hilux yetu inatetemeka ikiwa sailensi. Usinunue kitu bado. Nenda nyuma, sikiliza ekzosi. Mlio wa "puf" unaorudi kwa mpangilio unaashiria silinda moja. Mlio unaopanda na kushuka ovyo unaashiria tatizo la wote, mara nyingi hewa au mafuta.

Kisha soma kodi kwa kifaa cha kupimia. P0301 ni silinda ya kwanza inamisi, P0302 ya pili, na kuendelea. P0300 inasema zinamisi bila mpangilio. P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Kodi isomwe mwanzo kabla ya kuchomoa soketi yoyote, kwa sababu kuchomoa nako kunaandika kodi mpya. Na kumbuka, kodi haisemi "nunua koili". Inasema mahali pa kuanzia kutafuta.

Kama hakuna kifaa, kuna kipimo cha zamani: zima injini, chomoa soketi ya injekta moja, washa, sikiliza, zima, rudisha, hamia inayofuata. Silinda nzima ukiizima, injini inazidi kuyumba. Silinda iliyokufa ukiizima, hakuna kinachobadilika, na hapo umempata mgonjwa. Kama injekta hazifikiki, fanya hivyo kwenye soketi za koili, ila kwa sekunde chache tu, kwani petroli isiyoungua inakwenda kuunguza katalisti kwenye ekzosi. Ndiyo maana pia taa ya cheki injini ikiwa inapepesa huku gari linamisi, usipakie mzigo na kuendelea na safari.

Swali la 3: Inakosa moto, mafuta, hewa au mgandamizo?

Injini ya petroli inahitaji vitu vinne hivyo na hakuna cha tano cha kichawi.

Kama silinda moja ndiyo mgonjwa, tuseme ya 2, hamisha koili yake uiweke silinda ya 3, na ya 3 uilete 2. Futa kodi, endesha kidogo, soma tena. Kodi ikihama kutoka P0302 kuwa P0303, koili imejishtaki yenyewe, nunua moja. Ikibaki P0302, koili haina kosa. Rudia hivyo kwa plagi, kisha kwa injekta. Kanuni ni moja: hamisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukihamisha vitatu pamoja gari likapona, hujui kilichoponya, na hiyo si kipimo.

Ukishahamisha vyote na silinda ya 2 bado imekufa, pima mgandamizo kwa geji. Silinda zote zikaribiane. Moja ikiwa chini sana, tia kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi upime tena. Ukipanda, ringi za pistoni zimechoka, maana oili imeziba mwanya kwa muda. Usipopanda, shuku valvu au gasketi ya silinda hedi. Kipimo hiki kinauma kwa sababu jibu lake ni ghali, lakini ni bora ulipate kabla ya kununua koili nne.

Kama ni silinda zote, anza na hewa. Injini ikiwa sailensi inavuta hewa kidogo sana, kwa hiyo mpira uliopasuka nyuma ya throtoli unaingiza sehemu kubwa ya hewa ambayo sensa haikuihesabu. Ukipanda hadi mizunguko 2,500 injini inavuta hewa nyingi, tundu lile lile linakuwa si kitu, na gari linatulia. Kwenye kifaa utaona kompyuta ya gari inaongeza mafuta sana kwenye sailensi, kwa mfano asilimia 20, halafu inashuka karibu na 0 ukipanda mafuta. Picha ikiwa kinyume, yaani inaongeza zaidi gari likiwa na mzigo, angalia sensa ya hewa iliyochafuka, filta ya mafuta au, sasa ndiyo, pampu.

Kutafuta tundu, wapo wanaopulizia petroli kwenye mipira huku injini inawaka. Usikubali, ni moto huo. Chupa ya kupulizia maji inatosha: puliza kidogo kwenye maungio ya mipira, mbali na soketi za umeme. Mlio wa injini ukibadilika, hapo ndipo pana tundu. Na kabla ya yote fungua eya klina na utazame throtoli. Masizi yaliyoganda pale yanatosha kabisa kuiyumbisha sailensi, na dawa yake ni kusafisha.

Swali la 4: Je, injini iko sawa ila inafikisha mtetemo ndani?

Wakati mwingine injini haimisi kabisa, kodi hakuna, mgandamizo mzuri, lakini kioo cha ndani kinacheza. Hapo shuku mauntingi, zile raba zinazobeba injini na gia boksi. Raba ikipasuka, chuma kinagusa chuma na kila mlipuko unafika kwenye kiti. Fungua boneti, mwenzako apige mafuta kidogo gari likiwa nyutro, wewe simama pembeni utazame. Injini ikiruka upande mmoja, umepata. Dalili nyingine: mtetemo unazidi ukiwasha AC.

Na kama ni dizeli?

Dizeli haina plagi za moto wala koili, kwa hiyo anayekuambia "koili" kwenye Hilux ya dizeli, mshukuru na uondoke. Anza na filta, maji kwenye mafuta na hewa iliyoingia kwenye bomba, kisha nozeli, kisha mgandamizo. Kwenye dizeli za zamani zenye pampu ya kawaida, kama 3L, mafundi hulegeza nati ya bomba la nozeli moja baada ya nyingine kutafuta silinda iliyokufa. Usijaribu hivyo kwenye dizeli za kisasa za reli moja ya mafuta. Mle presha inazidi baa 1,000, na mafuta yakitoka yanapenya ngozi na kuingia mwilini. Huko tumia kifaa.

Kama jibu la swali la 1 lilikuwa "mwendo"

Stelingi ikitikisika, anza na matairi ya mbele. Kiti kikitikisika, anza nyuma. Geuza macho ndani ya rimu kabla ya kwenda kwenye balansi: matope yaliyokauka upande mmoja yanatosha kutikisa gari zima, na dawa yake ni maji na brashi.

Halafu uliza hivi: springi za nyuma ziliongezwa lini? Pikapu nyingi za mizigo huongezewa majani ya springi ili zibebe zaidi. Nyuma inainuka, pembe ya propela inabadilika, na krosi zinafanya kazi kwa pembe ambayo hazikupangiwa. Uliza pia kama propela ilifunguliwa karibuni. Ikirudishwa bila kufuata alama, nira zake haziko kwenye mstari mmoja na inatikisa hata kama kila kipande ni kipya. Mtetemo wa propela usiuvumilie, maana krosi ikikatika kwenye mwendo kasi, propela inaanguka barabarani, na juu ya bodi huenda kuna watu.

Umjibu nini mzazi

Usimwambie fundi muongo, na usimfundishe kazi mbele ya wateja wake. Masikio yake yamesikia injini nyingi kuliko wewe ulizosoma kwenye notisi. Mwambie mzazi aongee naye hivi: "Fundi, shikamoo kazi. Leo nakulipa saa moja ya kupima tu, hata usipofunga kitu. Nataka uniambie ni silinda gani na umejuaje." Kisha ampe karatasi yenye mistari minne: linatetemeka likisimama au likitembea, kwa mizunguko au mwendo gani, injini ikiwa baridi au ikishapata moto, na ni nini kilibadilishwa au kufunguliwa mwezi uliopita.

Fundi mzuri atafurahi, kwa sababu kwa mara ya kwanza kuna mtu anayelipia anachokijua. Akikataa kupima na kung'ang'ania kufunga, mzazi atakuwa amejua la kufanya kabla hajatoa hela ya spea. Na wewe unayesoma uinjinia, kifaa cha kusoma kodi kinaunganishwa na simu na mnaweza kuchangia wanne bumu likitoka. Likizo ijayo nenda nacho kijijini, kaa na fundi wa pale, yeye asikilize na wewe usome namba.