Fatma Said: Binti wa Kairo Katika Jumba la Opera la Milan

Mlezi wa chama aliponiambia niandike makala ya mafunzo mwaka huu, nilimjibu kuwa nitaandika juu ya mwimbaji wa opera kutoka Misri. Basi wenzangu waliangua kicheko. "Opera ni kelele za Wazungu!" akasema mmoja. Mwingine akadai kuwa waimbaji hao hulia kama mtu aliyebanwa kidole na mlango. Sikuwajibu siku hiyo. Nawajibu hapa.

Kwanza tuelewane. Opera ni mchezo wa kuigiza ambao wahusika wake, kwa sehemu kubwa, hawasemi bali huimba, huku okestra ikiwafuata. Sauti hugawanywa vile vile tunavyogawanywa sisi katika kwaya ya shule: soprano, alto, tena na besi. Lakini mwimbaji wa opera kwa desturi hatumii kipaza sauti. Ebu fikiria: wapiga ala hamsini au sitini, ukumbi wa watu elfu mbili, na mtu mmoja asikike hadi kiti cha mwisho! Ukipiga kelele tu, koo litakukauka kabla ya nusu saa. Siri ni pumzi kutolewa kwa kipimo, na koo na kinywa kufunguliwa ili sauti ivume kama ndani ya mtungi. Soprano anapopanda juu sana hulazimika kupanua kinywa zaidi, na hapo irabu hupoteza sura zake; "i" na "u" huanza kufanana na "a". Ndiyo maana waweza kusikia sauti tamu usishike neno hata moja. Kwa hiyo yule rafiki yangu wa kidole na mlango hakukosea kabisa.

Je, ni kelele za Wazungu peke yao? Tuende Misri. Mwaka 1869, Khedive Ismail alijenga jumba la opera mjini Kairo kwa ajili ya sherehe za kufunguliwa kwa Mfereji wa Suez. Lilijengwa kwa miezi michache tu, sehemu kubwa kwa mbao, na likafunguliwa kwa opera ya Verdi iitwayo Rigoletto. Verdi huyo huyo ndiye aliyetunga Aida, kisa cha binti mfalme wa Uhabeshi aliyetekwa Misri. Ilichezwa kwa mara ya kwanza Kairo tarehe 24 Desemba 1871. Ingechezwa mapema zaidi, lakini mandhari na mavazi yalikuwa yakitengenezwa Paris, nao mji huo ukazingirwa na majeshi ya Prussia.

Tazama basi ajabu hii. Kisa ni cha Misri, jumba liko Misri, fedha ni za Misri, lakini waimbaji waliletwa kutoka Ulaya. Mmisri alikuwa mwenyeji wa karamu ambayo wageni ndio waliopika na ndio waliopakua.

Jumba hilo liliteketea kwa moto mwezi wa Oktoba 1971, na mahali pake pakajengwa maegesho ya magari, ingawa uwanja ule bado waitwa Uwanja wa Opera. Watu wa Kairo walingoja miaka 17 kupata jipya. Lilifunguliwa mwaka 1988 katika kisiwa cha Gezira, kwa msaada wa Japani.

Miaka mitatu baadaye, 1991, alizaliwa Fatma Said katika mji huo huo. Alisoma shule ya Kijerumani mjini Kairo, na alipokuwa na umri wa miaka 14, umri wa wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza, alianza kufunzwa kuimba na Neveen Allouba, soprano wa Opera ya Kairo. Mwalimu huyu si wa kupitwa hivi hivi. Ndiye aliyeanzisha kikundi cha Fabrica, ambacho kimeimba hata Les Misérables kwa Kiarabu cha Misri. Mwaka 2009 Fatma alikwenda Berlin kusoma katika chuo cha muziki cha Hanns Eisler, na mwaka 2013 akapata nafasi katika akademia ya Teatro alla Scala, Milan. Jumba hilo lilifunguliwa mwaka 1778, na katika ulimwengu wa opera halina mfano. Fatma akawa soprano wa kwanza kutoka Misri kuimba katika jukwaa lake.

Mwaka 2016 aliimba hapo nafasi ya Pamina katika opera ya Mozart ya 1791, Die Zauberflöte, yaani Zumari la Ajabu. Hapa naomba nikae kidogo. Makuhani wa kisa hiki huwaomba Isis na Osiris, miungu ya Misri ya kale, ilhali Mozart hakuwahi kuikanyaga Misri! Kijana Tamino, mpenzi wa Pamina, ameapishwa na makuhani asiseme neno. Pamina hajui. Anamjia, anamsemesha, naye kimya. Anadhani amekwisha kuachwa, na anaimba wimbo wa polepole wenye huzuni, okestra ikimfuata kwa sauti ndogo. Hapo hakuna pa kujificha: pumzi ikitetereka kidogo tu, ukumbi mzima utajua. Misri ya kuwaziwa, na safari hii anayeimba ni binti wa Misri yenyewe.

Alipotoa sahani yake ya kwanza mwaka 2020, aliiita El Nour. Hakuna haja ya kamusi hapo. Ni nuru yetu hii hii. Angeweza kuijaza Mozart na Verdi, na nani angemlaumu? Badala yake alichanganya nyimbo za Kifaransa za Ravel, za Kihispania, na za Kiarabu, na pamoja na piano na gitaa akaweka nai, ile filimbi ya tete ambayo wapenzi wa taarab ya Unguja wanaifahamu. Na si kazi nyepesi. Muziki wa Kiarabu una robo za sauti ambazo hazimo katika vibonye vya piano, na msikilizaji wake hudai kila neno lisikike wazi. Koo lililofundishwa kuujaza ukumbi wa La Scala hulazimika kujipunguza. Mwaka 2021 sahani hiyo ilishinda tuzo ya Gramophone ya Uingereza katika upande wa nyimbo.

Mwaka huo huo wa 2021, maiti za kale 22 za wafalme na malkia zilipohamishwa kwa gwaride mjini Kairo, soprano mwingine wa Kimisri, Amira Selim, aliimba utenzi wa Isis kwa lugha ya Kimisri cha kale. Laiti Mozart angaliusikia.

Yule rafiki yangu wa "kelele za Wazungu" nilimpa makala haya ayasome kabla ya kuyapeleka kwa mhariri. Alinyamaza, kisha akaniuliza swali moja tu: "Sasa huyo Tamino, alikuja kusema ama hakusema?"

Alisema. Wakapita pamoja motoni na majini, yeye akipiga zumari na Pamina akiwa kando yake.