Je, Unaogopa Kukaa Benchi?

Enka ikiteguka katikati ya mechi, utamwambia kocha au utanyamaza?

Mwanafunzi mmoja wa Nyahanga, hapa Kahama, alinyamaza. Alikuwa anatafuta nafasi ya kwenda UMISSETA, akaogopa kutolewa. Jioni enka ilikuwa imevimba kama embe, na nyumbani wakamkanda kwa maji ya moto. Uvimbe ukazidi. Nafasi aliyoiogopea akaikosa.

Hebu tumtazame mtu aliyelijua benchi vizuri. Royal Ivey alizaliwa New York mwaka 1981. Mwaka 2004 Atlanta Hawks walimchagua akiwa mchezaji wa 37. Mwaka huohuo Luol Deng, mzaliwa wa Wau, Sudan Kusini ya leo, alichaguliwa wa 7. Deng akawa nyota. Ivey yeye akawa zaidi mchezaji wa akiba, mtu wa kuingia kukaba. Lakini alidumu NBA misimu 10, katika timu nne. Si mchezo! Ukiwa benchi unaiona mechi yote: nani kachoka, nani anachechemea huku anajikaza.

Alipoacha kucheza mwaka 2014 hakupewa ukocha mkuu papo hapo. Alianzia ligi ndogo kama kocha msaidizi, baadaye Oklahoma City Thunder, New York Knicks na Brooklyn Nets. Mwaka 2021 akawa kocha mkuu wa Sudan Kusini, ambako Deng alikuwa rais wa shirikisho la kikapu. Nchi yenyewe ilikuwa na miaka 10 tu, haina hata ukumbi wa ndani wa kuchezea. Kwenye Kombe la Dunia la 2023 ikawa ya kwanza kati ya timu za Afrika, ikafuzu Olimpiki. Julai 2024, jijini London, Marekani iliponea chupuchupu, 101 kwa 100. Siku nane baadaye, kwenye Olimpiki Ufaransa, Puerto Rico ikalala 90 kwa 79.

Sasa turudi kwenye enka yako. Mwambie kocha, toka. Weka kitambaa cha maji baridi dakika 15 hadi 20, rudia mara kadhaa kwa siku, na ukilala inua mguu juu ya mto. Siku mbili tatu za mwanzo usikande kwa moto, usichuliwe. Ukishindwa kukanyaga hata hatua nne, nenda hospitali, huenda mfupa umevunjika. Na usirudi uwanjani mpaka uweze kuruka kwa mguu huohuo bila maumivu.