Darasa la Mtandaoni: Linachotupatia na Lisichoweza Kutupatia



Shule na vyuo vya nchi yetu vilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona. Vyuo vilifunguliwa tena tarehe 1 Juni mwaka huo huo, lakini mazoea ya kusomea kwenye simu hayakuondoka. Leo katekista anafuata kozi ya Biblia akiwa kijijini kwake, muuguzi anasomea shahada baada ya zamu ya usiku, nasi mafrateri wa falsafa hupokea baadhi ya vipindi kwa Zoom mwalimu anapokuwa mbali. Tukienda parokiani waamini hutuuliza: je, mtu anaweza kusoma namna hiyo hadi akaiva? Tunajaribu kujibu kama wanafunzi, tukitumia somo letu wenyewe.

Faida zipo, na si ndogo. Ya kwanza ni vitabu. Anayesoma falsafa hawezi kumkwepa Padre Frederick Copleston, Mjesuiti aliyeandika historia ndefu ya falsafa, lakini katika maktaba juzuu inayohitajika kwa mtihani ndiyo yenye foleni. Kazi za Mtakatifu Thoma wa Akwino kwa Kilatini zinapatikana bure katika tovuti ya Corpus Thomisticum, na hati za Kanisa zimo katika tovuti ya Vatikani. Mapadre waliotutangulia walinakili kurasa kwa mkono. Tena mhadhara uliorekodiwa unakubali kurudiwa mara nne bila kununa. Mwalimu akiulizwa jambo lile lile mara ya nne, sote tunajua uso wake unavyokuwa.

Kwa waamini wenye kazi na familia faida ni kubwa zaidi. Kusoma bila kuhama nyumbani si jambo geni kwetu: Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992. Mtandao umeifupisha tu njia hiyo.

Kuhusu bando, umeme kukatika na sauti kukwama hatusemi mengi, kila mtu anajua. Hizo ni kero za fedha na mitambo, na huenda siku moja zikaisha. Shida tunayoitaja hapa ingebaki hata kama mtandao ungekuwa wa bure.

Chukueni mfano wa kipindi cha Mantiki tulichofundishwa kwa Zoom wakati wa likizo. Mwalimu aliweka hoja hii: Kila mtu mwema huwasaidia maskini. Fulani huwasaidia maskini. Kwa hiyo fulani ni mtu mwema. Akauliza kama tumeelewa. Kwenye kioo zikaja "sawa mwalimu" mfululizo. Nani alikubali, nani alitilia shaka, nani alikuwa jikoni anakoroga uji, hakuna aliyeweza kujua, maana kamera zilikuwa zimezimwa ili kuokoa bando. Somo likaendelea.

Tuliporudi seminarini mwalimu aliiandika hoja ile ile ubaoni, akamwita frateri mmoja aitetee. Hazikupita dakika tano, sauti ikatoka nyuma: "Hata mgombea wakati wa kampeni huwasaidia maskini." Darasa likacheka, na papo hapo kosa likaonekana. Sentensi ya kwanza inasema wema wote husaidia. Haisemi kwamba wasaidiao wote ni wema. Maelezo hayo yote yalikuwemo katika video, hayakupungua neno. Kilichokosekana ni mtu wa kukutazama usoni na kukuambia, "Simama, itetee."

Mtakatifu Thoma analo jambo la kutusaidia hapa. Katika maswali juu ya Ukweli, yaliyojadiliwa mjini Paris kati ya 1256 na 1259, swali la 11 linahusu mwalimu. Thoma anamlinganisha mwalimu na mganga. Mwili una nguvu ya kujiponya, na mganga huisaidia nguvu hiyo. Vivyo hivyo akili ya mwanafunzi ina nuru yake, aliyopewa na Mungu, na inaweza kugundua mengi yenyewe. Mwalimu huisaidia kupita njia ambayo ingepita peke yake kwa taabu. Basi hatuwezi kusema kwamba anayejisomea mtandaoni hasomi. Anasoma kweli. Ila yuko kama mtu anayenunua dawa dukani bila kupimwa: pengine atapona, pengine atameza dawa nzuri ya ugonjwa asiokuwa nao. Ni vema kukumbuka pia kwamba kitabu hicho kimetokana na midahalo, ndiyo maana kimejaa pingamizi na majibu.

Kwetu sisi majandokasisi jambo hili lina uzito wa pekee. Mwongozo wa malezi ya kipadre uliotolewa Roma tarehe 8 Desemba 2016 unataja malezi ya kiutu, kiroho, kiakili na kichungaji, tena unasisitiza kwamba malezi hayo ni ya kijumuiya. Padre atakayekaa na wanandoa waliogombana atahitaji kusikia hata kile wasichokisema. Masikio hayo hayapatikani kwa kubonyeza kitufe cha kunyoosha mkono.

Je, tuache mtandao? Hapana. Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Ilifundishwa kwa redio, na watu wapatao milioni 2 walishiriki. Lakini hawakuachwa wasikilize kila mmoja kwake. Walikaa katika vikundi vyenye kiongozi na kijitabu, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Hicho kikundi ndicho tunachokiacha nje siku hizi kila mtu anapoingia chumbani na simu yake.

Jumuiya ndogo ndogo zinaweza kufanya hivyo leo. Mmoja apakue somo kwa bando lake, wote walisikilize pamoja, kisha simu iwekwe pembeni.

Kwa watakaopenda kujaribu, hizi hapa hoja mbili. Ya kwanza: Kila mwenye imani husali, fulani husali, kwa hiyo fulani ana imani. Ya pili: Kila mwenye imani husali, fulani hasali, kwa hiyo fulani hana imani. Ipi inafuata kanuni? Na inayofuata kanuni, je, sentensi yake ya kwanza ni ya kweli kwa mgonjwa aliyepoteza fahamu? Kaeni angalau watatu, na anayepewa kuitetea hoja asiwe yule anayeikubali.