Kwa Nini Ukurasa wa Kulipa Unamaliza Bando Kabla Hujalipa?

Mama mmoja alitupigia simu kutoka Kapenguria. Alikuwa analipa karo ya kijana wake kupitia ukurasa wetu, amenunua bando ya shilingi ishirini, na ukurasa ukafunguka vizuri tu: jina la shule, kiasi, kitufe cha "Lipa". Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena, akafungua ukurasa upya mara kadhaa, bando ikaisha. Mwishowe alipanda boda hadi kwa ajenti, na nauli ikatoka mfukoni mwake. Pesa ya karo haikupotea, lakini kosa lilikuwa letu. Tumeona tulieleze hapa kwa sababu wengi wenu mna maduka mtandaoni, na shida kama hii inaweza kuwa kwako bila wewe kujua.

Kwanza, ukurasa wa wavuti si kitu kimoja. Kuna HTML, ambayo ni maandishi na mpangilio. Kuna CSS, ambayo ni rangi na sura. Halafu kuna JavaScript, na hiyo ndiyo inafanya kitufe kifanye kazi. CSS na JavaScript kwa kawaida ni faili za kudumu: seva inampa kila mteja nakala ileile. Kwa kuwa zote ni maandishi, zinaweza kubanwa kabla ya kusafirishwa, kama vile unavyokunja nguo ndio zienee kwenye begi. Simu inazikunjua yenyewe zikifika. Mfano ni jQuery, programu inayotumika kwenye tovuti nyingi sana. Toleo lake la 3.6.0, lile lililopunguzwa, lina karibu kilobaiti 90. Likibanwa kwa gzip linabaki karibu 30. Hizo 60 zinazobaki ni bando ya mteja wako.

Gzip imekuwepo tangu 1992. Kuna pia Brotli kutoka Google, ambayo kwa kawaida inabana maandishi zaidi kidogo. Kivinjari kikiomba faili, kinaambia seva mbano gani kinaelewa kwa kichwa kinachoitwa Accept-Encoding. Seva ikibana, inajibu kwa Content-Encoding. Kama hicho cha pili hakipo kwenye jibu, faili imekuja nzima nzima.

Yetu ilikuwa inakuja nzima, na ilikuwa na zaidi ya megabaiti moja. (Ndiyo, ni kubwa mno. Hiyo nayo tunaipunguza.) HTML ilikuwa inabanwa, kwa hivyo kitufe kilionekana haraka, lakini JavaScript ya kukifanya kiitikie ilikuwa bado njiani. Kila mara yule mama alipofungua upya kabla faili haijamaliza kufika, safari ilianza mwanzo.

Kilichotuchanganya ni kwamba mbano ulikuwa umewashwa! Tunatumia Nginx, na mstari wa gzip on ulikuwepo. Lakini Nginx ikiwashwa hivyo tu inabana HTML peke yake. Aina nyingine lazima uziorodheshe kwenye gzip_types. Orodha tulikuwa nayo, na JavaScript ilikuwa imeandikwa kwa jina la application/javascript. Sasa, mwaka 2022 kiwango cha RFC 9239 kilirudisha text/javascript kuwa jina rasmi. Tulipoboresha mfumo wetu, faili zikaanza kutoka na jina hilo jipya. Seva ikaangalia orodha, haikuliona, ikaziacha zipite bila kubanwa. Hakuna onyo, hakuna kosa kwenye kumbukumbu. Tukaongeza jina moja.

Tukapima ofisini, poa kabisa. Tukapima kwa simu kama mteja, bado. Wateja hupitia proksi iliyo mbele ya seva yetu, na ombi likija na kichwa cha Via, Nginx haibani chochote mpaka uiruhusu kwa gzip_proxied. Ofisini tulikuwa tunagonga seva moja kwa moja, ndiyo maana hatukuona. Kwa hivyo pima kupitia njia ileile anayopitia mteja, si mlango wa nyuma.

Kupima si kazi ngumu. Fungua tovuti yako kwa Chrome kwenye kompyuta, bonyeza F12, nenda Network, fungua ukurasa upya, kisha bonyeza faili yoyote ya js au css. Tafuta content-encoding kwenye majibu. Ukiona gzip au br, uko sawa. Usipoiona, piga picha ya skrini umtumie fundi wako. Usihangaike na picha za JPEG na PNG, hizo zimeshabanwa zilipotengenezwa. SVG ni maandishi, kwa hivyo hiyo ibanwe.

Fundi akikwambia abane kila kitu, mwambie ngoja. Mwaka 2013 watafiti walionyesha shambulio linaloitwa BREACH: ukibana ukurasa ulio na siri pamoja na maneno yanayoweza kuingizwa na mtu mwingine, anaweza kuikisia ile siri kwa kuangalia tu ukubwa wa jibu. Faili za kudumu hazina siri ya mteja, kwa hivyo zibane bila wasiwasi. Kurasa za akaunti ziangaliwe kivyake.

Na kama faili zako hubanwa mapema na kuhifadhiwa kama .gz, hakikisha zinatengenezwa upya kila unapobadilisha zile za asili. La sivyo unaweza kubadilisha bei leo na wateja waendelee kuona ya jana.

Kwa wewe unayelipa tu: kitufe kikikwama, angalia simu kwanza. Kama hujaulizwa PIN na hujapata ujumbe wa malipo, huenda ombi bado halijafika kwetu. Kama umeshaweka PIN, subiri ujumbe kabla ya kubonyeza tena.