Somo la Mwenye Kukaa Nyumbani kwa Watu Ng'ambo kwa Ajili ya Kusoma Kiingereza

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo: nimeulizwa na zaidi ya mzee mmoja katika wazee wa mitaa yetu khabari za vijana wapelekwao Uingereza kusoma Kiingereza, wakatafutiwa na shule makazi katika nyumba za watu wa huko wasiokuwa Waislamu, wakawa wala mezani pao na kulala chini ya dari lao. Je, yafaa au haifai? Na mmoja wa wazee hao aliniuliza hali tikiti ya mwanawe imo mfukoni mwake, nikajua kuwa hakuja kutaka hukumu, amekuja kutaka utulivu wa moyo. Nitajibu swali hilo kwanza, khalafu nitasema lile ambalo hakuna aliyeniuliza, nalo ndilo kubwa.

Ama kujifunza lugha ya wasiokuwa Waislamu, hilo si jambo la kutiliwa shaka. Mtume (S.A.W.) alimwamrisha Zaid bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi, na Zaid akayajua kwa muda wa nusu ya mwezi, akawa ndiye amsomeaye barua zao na kumwandikia majibu. Na kumwamini asiyekuwa Mwislamu katika mambo ya safari na malazi, hilo nalo lina asili. Katika Hijra, Mtume na Abubakar walimwajiri Abdallah bin Uraiqit awaongoze njia, naye yu katika dini ya Makuraishi, wakamkabidhi ngamia wao na roho zao. Basi kukaa kwenyewe kwafaa, maadamu mtu aweza kuisimamisha dini yake. Na kwa faida ya lugha, nyumba ya watu ni bora kuliko bweni. Maneno hayaokotwi daftarini peke yake, huokotwa mezani na jikoni, katika kuulizana khabari za mvua na za bei ya samaki. Nimemwona kijana aliyekaa bweni pamoja na wenziwe wa Mombasa na Unguja mwaka mzima, akarejea Kiswahili chake kimenona na Kiingereza chake kimekonda.

Sasa nije kwenye lile ambalo sikuulizwa.

Miaka michache iliyopita, kijana niliyemsomesha tangu juzuu ya Amma hata akakhitimu, kisha akanisomea Safinatu Najah yote, alikwenda kukaa miezi sita katika mji mmoja wa pwani ya kusini ya Uingereza. Usiku wa kwanza bibi wa nyumba alimwekea sahani, ndani yake mna nyama ya nguruwe. Kijana akaona haya. Akasema tumbo lamwuma. Usiku wa pili akasema hana njaa. Usiku wa tatu akasema amekwisha kula nje. Akaendelea hivyo siku kumi na tisa, akila mkate mkavu na biskuti chumbani mwake, mlango umefungwa. Siku ya ishirini aliitwa na karani wa shule, akaambiwa kuwa yule bibi ameomba aondolewe mgeni huyu, na kwamba alilia aliposema hayo, kwani ameona kuwa kijana anachukizwa na mkono wake.

Akaniandikia: Mwalimu, sikula hata tonge moja la haramu, je, si nimehifadhi dini yangu?

Nikamjibu kuwa amelihifadhi tumbo akauacha wazi ulimi, amesema uwongo nyakati tatu kwa siku tatu, na ya baadaye yote ni matawi ya hayo. Kisha nilipokwisha kuandika nikaona haya mimi mwenyewe, kwani kosa lilikuwa langu kabla ya kuwa lake. Nilimfundisha yabatilishayo udhu, na mafungu ya najisi, na nguzo za sala kumi na saba. Sikumfundisha namna ya kumwambia mtu mwema, kwa uso mkunjufu, ya kuwa chakula chako hiki mimi sili.

Na mfano tulikuwa nao mkononi siku zote. Waislamu wa kwanza waliohamia Habasha, mwaka wa 615 kwa hesabu ya miladi, walikuwa wageni katika nchi ya Wakristo, hawana ngome illa hisani ya mfalme. Makuraishi walipomtuma Amr bin al-As kutaka warejeshwe, naye akamchochea Najashi kwa kumwambia kuwa watu hawa wasema neno zito juu ya Isa, Waislamu walishauriana usiku ule. Wangeliweza kuficha. Wakaazimia kusema kama walivyofundishwa, liwalo na liwe. Ja'far bin Abi Talib akasimama akasema kweli, kwa adabu, bila ya kutukana wala kubembeleza. Na Najashi akawapa amani. Ikiwa wao walisema kweli mbele ya mfalme, na nyuma yao yuko adui mwenye zawadi, vipi kijana wetu ashindwe kusema mbele ya sahani?

Basi jua ewe ndugu kuwa maneno haya yapasa kusemwa kabla ya safari, si mezani. Shule huandika karatasi ya maswali, na ndani yake huulizwa mwanafunzi asichokula. Wengi huiacha tupu mahali hapo, au baba huijaza kwa haraka. Hili ni kosa katika mlango wa ijara. Chakula ni sehemu ya kile ulicholipia, na wajibu wa mapatano ni kujulikana kinachouzwa. Mwenye nyumba aliyepika alichopatana hakukosa. Andika ndani yake: nguruwe na kila kitokacho kwake, ulevi, na nyama isiyochinjwa na Waislamu. Na ukifika, yakariri kwa mdomo siku ile ile, kabla mzigo haujafunguliwa. Mtume huyu wa maneno ndiye Kiingereza cha kwanza cha kujifunza, kabla ya hesabu na siku za wiki.

Wala asiseme mtu: nimekula kwa dharura. Dharura ni kuikhofia nafsi kuangamia au madhara makubwa, na haya ya mezani si mauti.

Ama nyama, hapa watu wetu huteleza kwa kushika nusu ya elimu. Wasema: Kurani, katika Sura ya Maida aya ya 5, imetuhalalishia chakula cha Watu wa Kitabu, na Waingereza ni Wakristo, basi imekwisha. Haikwisha. Katika madhehebu yetu mchinjaji sharti awe Mwislamu au Mkitabi wa kweli, na maulamaa wetu wa Kishafi wamefanya uzito katika kumjua Mkitabi ni yupi. Na hesabu ya watu ya Uingereza na Wales ya mwaka wa 2021 ilionyesha kuwa waliojiita Wakristo ni 46.2 katika kila mia, na waliosema hawana dini ni 37.2. Basi mkono ulioshika kisu huujui. Tena kuku wengi huko hufishwa kwa gesi kabla ya kufikiwa na kisu, na aliyekufa kabla ya kuchinjwa ni mfu, hata angalichinjwa na nani. Na kanuni yetu katika nyama iliyoingiwa na shaka ya asili yake ni kuiacha. Hakuna dhiki katika hilo. Samaki hahitaji kuchinjwa, na mayai, maziwa, kunde, viazi na mboga ni halali. Na Waislamu wa Uingereza na Wales walikuwa karibu milioni 3.9 katika hesabu ile ile, kwa hivyo katika miji mingi duka la nyama ya halali halikosekani. Mtu anunue mwenyewe, aombe ruhusa ya kutumia jiko.

Vyombo vyao je? Abu Tha'laba al-Khushani alimwuliza Mtume juu ya vyombo vya Watu wa Kitabu, akaambiwa asivitumie ikiwa apata vinginevyo, na asipopata avioshe kisha alie. Chombo kilichojulikana kuwa kimepikiwa nguruwe, kwa madhehebu yetu huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Chombo usichokijua khabari zake asili yake ni tohara. Usiwe mpelelezi wa makabati ya watu.

Na mbwa, kwani katika nyumba za Waingereza mbwa ni kama mtoto wa nyumba. Najisi yake ni nzito, na alipolamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Walakini kikavu kikigusana na kikavu hakinajisi. Akikupitia mguuni naye mkavu, na nguo yako kavu, hukunajisika. Usiruke ukapiga kelele ukawatisha watoto. Malaika ya mbwa iliyoganda nguoni iondoe kabla ya kusali. Omba kwa upole mbwa asiingie chumbani mwako, nao hukubali. Na weka nguo moja ya sala kabatini. Na aliyezidiwa na mashaka katika jambo hili, Imamu Malik ameona kuwa mbwa aliye hai ni tohara, na kumfuata Imamu wakati wa dhiki kuna nafasi. Lakini isiwe ndilo la kwanza kukimbilia.

Chooni hakuna kopo wala birika. Chukua chupa yako. Ukikosa maji, karatasi yatosha kwa masharti ya istinja kwa mawe: mapanguso matatu au zaidi hata pasafike, na najisi isiwe imekauka wala kuenea kupita mahali pake. Na udhu usiwe gharika. Vyoo vyao vingi havina tundu la kutokea maji sakafuni, na chini yake ni dari ya chumba cha mtu. Nimesikia ya nyumba ambayo dari liliota doa kwa udhu wa mgeni, wenyeji wakadhani bomba limepasuka. Mtume alikuwa akitawadha kwa mudi moja, nayo ni mafumba ya viganja viwili vya mtu wa kiasi. Aoshaye miguu kwa ndoo na kuharibu mali ya watu hakuiongeza sunna, ameipunguza.

Ama sala: aliyenuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, safari yake imekatika. Asipunguze, wala asikusanye. Vijana wengi wapunguza miezi sita mizima na kujiita wasafiri. Sala hizo ni deni juu yao. Na Ijumaa yamlazimu pale isaliwapo mjini mwake, basi azungumze na shule wiki ya kwanza. Mwezi wa Desemba jua la London hutua kabla ya saa kumi alasiri, hata Adhuhuri na Alasiri zote huingia ndani ya masaa ya darasa au karibu yake. Atafute pembe ya kusalia. Mwezi wa Juni jua hutua saa tatu na dakika ishirini za usiku, na kuchomoza saa kumi na moja kasoro robo. Na tangu wiki ya mwisho ya Mei hata wiki ya tatu ya Julai giza la usiku halitimii. Imamu Nawawi alikwisha eleza kuwa watu wa nchi ambazo shafaki haipotei hukadiria Isha kwa nchi iliyo karibu nao. Fuata ratiba ya msikiti wa mji wako, na ukiamka usiku tembea kwa vidole. Wenyeji wako wana kazi asubuhi.

Meza iliyowekwa ulevi usikae. Omba kula mapema, au kula jikoni. Kubaki peke yako nyumbani na mwanamke asiyekuwa maharimu wako, bibi wa nyumba au bintiye, mlango umefungwa, ni khalwa, wala mazoea hayaibadilishi hukumu. Toka, nenda maktaba, rudi watu wakiwapo. Ukichelewa kurudi, wape khabari, kwani atapika akungojee.

Yule kijana wangu nilimwandikia arudi kwa bibi yule, kabla ya kuhamishwa, akiri uwongo wake na aseme sababu yake. Alinijibu baada ya wiki mbili. Alikuwa ameandika maneno yake karatasini, akayasoma mbele yake huku mikono yatetemeka. Bibi akanyamaza kidogo, kisha akacheka, akamwuliza kwa nini hakusema siku ya kwanza. Yeye mwenyewe ana dada asiyekula nyama kabisa. Akaondoa ombi lake. Siku ya pili alirudi kutoka sokoni na samaki, pamoja na sufuria mpya aliyoinunua kwa fedha yake, akaiandika jina la kijana ubavuni ili asiitumie mtu mwingine.

Ndipo akaniuliza: Mwalimu, je, yafaa kuipokea sufuria hii? Nikamjibu kuwa Mtume alipokea zawadi za wasiokuwa Waislamu, na mfalme wa Aila alimtunuku nyumbu mweupe. Basi apokee, aile samaki, na amwandikie bibi yule barua ya shukrani kwa Kiingereza, anipelekee nakala nimsahihishie. Barua ikaja. Kiingereza chake kilikuwa kimekwisha nipita, sikuona la kusahihisha.