Somo la Kahawa: Chagua Njia ya Kuandaa Kwanza, Chombo Kitafuata

Leo tunatoka shambani kidogo tunaingia jikoni, lakini hesabu ni zilezile za shamba: pembejeo, gharama, ubora na soko.

Nimeamua kuandika somo hili kwa sababu swali moja limekuwa likijirudia hapa Tura. Kijana amevuna, ameuza, ana akiba kidogo. Ameona mjini kuna mashine za kahawa, ananiuliza, "Bwana shamba, nikinunua ile ya umeme nitafaidi?" Mwingine anataka ya nyumbani tu, mwingine anawaza kuwauzia watu kahawa asubuhi pale senta. Mmoja alikuwa tayari kutoa magunia mawili ya karanga kwa ajili hiyo. Kabla karanga hazijaondoka ghalani, tusome kwanza.

Jibu langu kwa kifupi: fedha yako ya kwanza iende kwenye kahawa nzuri na namna ya kuisaga. Chombo cha kuandalia kinakuja baada ya hapo, na mara nyingi tayari unacho nyumbani.

Kahawa si ngeni kwetu

Hatulimi kahawa hapa Tura, lakini tupo kwenye njia yake. Wasafiri wa misafara ya karne ya 19 walieleza kuwa jina la Tura lina maana ya kutua mzigo. Ukitoka Mgunda Mkali, hapa ndipo mlipopumzika kabla ya kwenda Kazeh, ambayo leo ni Tabora. Wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani walioishi Kazeh walikuwa na desturi yao ya kahawa ya finjani. Kutoka kaskazini, Karagwe na Uhaya, kulikuwa na kahawa nyingine ambayo watu walichemsha pamoja na majani, wakaikausha na kuitafuna. Wahaya wanaitafuna mpaka leo na kumkaribishia mgeni.

Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kwa hiyo sisi tuko katikati. Magharibi kuna arabika ya Kigoma, upande wa Kalinzi na Manyovu. Kaskazini magharibi kuna robusta ya Kagera. Arabika nyingine inatoka Kilimanjaro, Arusha, Mbeya, Songwe na Mbinga.

Hatua ya 1: Ijue kahawa uliyonayo

Arabika ina harufu nzuri na uchachu kidogo unaofanana na wa tunda. Robusta ni nzito, chungu zaidi, na kafeini yake ni karibu mara mbili ya arabika. Hakuna iliyo mbaya, ila hazipendi njia moja. Arabika iliyokaangwa wastani ukiichemsha kwa dakika kumi na tangawizi nyingi, umeua kile ulicholipia. Robusta iliyokaangwa vizuri inavumilia moto, viungo na sukari.

Ukinunua, angalia mambo matatu:

1. Tarehe ya kukaangwa, si ya kuisha muda tu. Kahawa ikishakaangwa inaanza kupoteza harufu, na ikishasagwa inapoteza haraka zaidi. Nunua robo kilo, imalize ndani ya wiki chache, kisha nunua nyingine.
2. Punje nzima kama unaweza kusaga. Kama huwezi, omba wakusagie kulingana na njia utakayotumia.
3. Jina la mkaangaji na mahali kahawa ilikotoka.

Jambo la kisheria kwa wenye haraka ya biashara: usiende Kigoma au Kagera kukusanya kahawa mbichi kwa wakulima majumbani. Biashara hiyo ina utaratibu wake kupitia AMCOS na leseni za Bodi ya Kahawa. Kule Kagera mnaijua butura, yaani mkulima kuuza kahawa ikiwa bado mtini kwa bei ya kutupa. Usiwe mmoja wa wanaomkaba mkulima mwenzako. Nunua iliyokwisha kaangwa na kufungashwa.

Na hili ni la kwetu kabisa watu wa Tabora: usihifadhi kahawa kwenye ghala lenye marobota ya tumbaku, vitunguu au mafuta ya taa. Kahawa inavuta harufu haraka sana. Weka kwenye kopo kavu linalobana, mbali na jua na jiko.

Hatua ya 2: Kusaga

Hapa ndipo wengi wanapokosea na kulaumu chombo. Kanuni ni rahisi. Kahawa ikikaa muda mfupi na maji, isagwe laini. Ikikaa muda mrefu, isagwe chenga.

Mashine ndogo ya kusaga ya mkono, ile yenye meno mawili yanayosagana, ndiyo kifaa cha kwanza ninachokushauri ununue. Haihitaji umeme, na punje zinatoka karibu saizi moja. Kama hujafika huko, kinu na mchi vinafanya kazi. Twanga, chekecha, rudisha zilizobaki kubwa, twanga tena. Usitumie kinu cha vitunguu saumu au dagaa, nadhani sababu unaijua.

Hatua ya 3: Maji na vipimo

Kikombe cha kahawa karibu chote ni maji. Maji yakiwa na chumvi, kahawa nayo itakuwa na ladha hiyo. Kama unatia dawa ya kusafishia maji, yachemshe kwanza bila mfuniko ili harufu ya dawa ipungue.

Uwanda wetu uko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji yetu yanachemka karibu nyuzi 96 badala ya 100. Vitabu vingi vya kahawa vinataka maji ya nyuzi 90 hadi 96. Maana yake huhitaji kipimajoto. Epua, subiri nusu dakika, mimina.

Kipimo cha kuanzia ni gramu 60 za kahawa kwa lita moja ya maji, yaani gramu 12 kwa glasi ya mililita 200. Bila mizani, ni takriban vijiko viwili vya chakula vilivyosawazishwa.

Sasa piga hesabu. Robo kilo ni gramu 250. Gawa kwa 12, unapata glasi 20 na kidogo. Tuseme pakiti umenunua kwa shilingi 6,000, kila glasi imekula kahawa ya karibu shilingi 300. Weka bei ya kwako, kisha ongeza moto, sukari na muda wako. Asiyejua namba hii asianze kuuza.

Hatua ya 4: Chagua njia

Jiulize maswali manne: Nina moto gani? Wanywaji wangapi? Kahawa gani? Nitaosha na nini? Kisha linganisha.

*Sufuria au dele.* Hii ndiyo njia ya pwani, ya wauza kahawa wenye finjani na kashata. Chemsha maji na tangawizi au iliki, tia kahawa iliyosagwa laini, punguza moto, acha itokote dakika tatu hadi tano, epua, acha machicha yatulie. Inafaa robusta na kahawa iliyokaangwa sana, inafaa watu wengi, na haikudai chombo kipya. Ubaya wake ni kwamba ikiachwa kwenye makaa inazidi kuwa chungu. Ikishatulia, ichuje uiweke kwenye chupa ya chai.

*Kitambaa au karatasi ya kuchujia.* Mama mmoja wa Ujerumani, Melitta Bentz, alipata hataza ya kichujio cha karatasi mwaka 1908 kwa sababu alichoshwa na machicha. Kwetu kitambaa safi cha pamba kilichoshonwa kama mfuko kinatosha. Saga wastani kama mchanga, lowesha kahawa kwa maji kidogo, subiri nusu dakika, kisha mimina taratibu kwa dakika tatu. Utapata kahawa nyepesi, safi, yenye harufu. Ndiyo njia ninayoipendekeza kwa arabika ya Kigoma au ya Kusini. Kitambaa kioshwe kwa maji matupu, kisiguswe na sabuni, kichemshwe mara kwa mara na kianikwe kikauke kabisa.

*Birika la kusukuma.* Ni lile la kioo au chuma lenye kichujio cha waya kwenye mfuniko. Saga chenga, mimina maji, subiri dakika nne, sukuma chini taratibu, mimina yote. Ni rahisi sana kwa watu wawili au watatu. La kioo linavunjika, kwa hiyo nyumba yenye watoto wadogo tafuta la chuma.

*Moka.* Birika dogo la alumini la Kiitaliano, lilianza na Alfonso Bialetti mwaka 1933. Maji yako chini, kahawa katikati, mvuke unasukuma maji yapande juu. Jaza maji yasipite ile valvu, usishindilie kahawa, moto uwe mdogo, epua mara inapoanza kukoroma. Inatoa kahawa nzito kidogo kidogo, na inakubali gesi na mkaa. Inafaa anayependa kuchanganya na maziwa.

*Mashine za umeme.* Za kudondosha maji nyingi zinakula wati 800 hadi 1,000. Sola ya nyumbani ya wati 50 au 100 haiwezi kuibeba, usijaribu. Kama una umeme wa gridi, kumbuka ukikatika saa 12 asubuhi wateja wako hawasubiri. Mashine ya espreso ni safari nyingine. Inahitaji shinikizo la takriban baa 9, mashine ya kusagia ya kiwango chake, na fundi. Hiyo iache mpaka biashara yenyewe iilipie.

*Kahawa ya kukoroga.* Siidharau. Africafé inatengenezwa Bukoba, haihitaji chombo chochote, na kwa mtu anayewahi shamba usiku wa manane inatosha. Ila huwezi kujifunzia ladha hapo, maana mtu mwingine amekwishakuamulia.

Kuhusu moto: misitu yetu ya miombo tayari inabeba mzigo wa kukaushia tumbaku. Chemsha maji mara moja, andaa kahawa yote ya asubuhi, weka kwenye chupa ya chai. Ndani ya saa moja au mbili bado ni nzuri.

Hatua ya 5: Fanya shamba darasa la kikombe

Shambani huwezi kubadilisha mbegu, mbolea na nafasi kwa pamoja halafu ukajua kilicholeta mavuno. Kahawa ni vilevile. Chukua kahawa moja na maji yaleyale, andaa glasi tatu: gramu 10, 12 na 14. Onja bila sukari, zikiwa moto na zikiwa zimepoa. Andika kwenye daftari. Kesho shika kipimo ulichokipenda, badilisha usagaji tu.

Tafsiri ya majibu:

- Ni chachu na nyepesi kama maji: kahawa haijatoka vya kutosha. Saga laini zaidi au ongeza muda.
- Ni chungu, inakausha ulimi: imetoka kupita kiasi. Saga chenga zaidi au punguza muda.
- Ina harufu ya vumbi au ya mafuta yaliyokaa: ni kuukuu. Hakuna njia itakayoiokoa.

Ukishamaliza ndipo utie kitu cha utamu. Jaribu asali yetu ya Tabora, kijiko kidogo kahawa ikishapoa kiasi. Kwa wafugaji wa nyuki hapo kuna wazo la biashara: kikombe kimoja, mazao mawili.

Afya

Kahawa ya kuchemsha isiyochujwa ina mafuta yanayoweza kupandisha lehemu kwa anayekunywa sana kila siku. Karatasi inayanasa kwa sehemu kubwa. Kahawa pamoja na chakula inapunguza mwili kupokea madini ya chuma, kwa hiyo usiinywe pamoja na mlo, hasa kina mama na wasichana. Mjamzito apunguze, na robusta aikumbuke kuwa ni kali.

Kwa nini nasema haya kwa wakulima

Wewe unayelima tumbaku unajua uchungu wa kusimama sokoni huku mtu mwingine akitaja gredi ya mzigo wako. Kwenye kahawa gredi ya mwisho inatolewa na ulimi: mnunuzi anaonja, kisha anataja bei. Wasomaji wangu wa Kigoma na Kagera mnaolima kahawa lakini mnakunywa chai, mnaingia sokoni bila kujua mlichobeba. Na wewe wa Tura unayetaka kuuza kahawa senta, mteja atarudi kwa sababu ya ladha, hata kama umeichuja kwa kitambaa. Kama utauza, pima afya kama muuza chakula yeyote na uulize leseni halmashauri.

Kazi ya wiki hii

Nunua robo kilo ya kahawa yenye tarehe ya kukaangwa. Tumia sufuria na kitambaa ulivyonavyo. Fanya majaribio ya glasi tatu kwa siku tano, andika kila siku. Pakiti ikiisha, piga hesabu ya gharama ya glasi moja. Kama baada ya hapo bado unaona unahitaji chombo, utakuwa unajua ni kipi na kwa nini. Karanga zako zitakuwa bado ziko ghalani zikisubiri bei nzuri.

Kazi njema.