SOMO: MTAMBO UNAPOSHINDANA NA RUBANI

Ndugu wafanyakazi, safari hii tunatazama kazi ya wenzetu marubani. Wengi wetu hudhani kazi yao ni ya starehe, maana ndege za siku hizi hujiendesha zenyewe. Kumbe nao hupambana na mashine kama sisi.

Kampuni ya Boeing ya Marekani ilipounda ndege ya 737 MAX, iliiwekea injini kubwa zaidi, zilizosogezwa mbele na juu. Kwa hiyo katika hali fulani pua ya ndege ilielekea kuinuka kupita kiasi. Dawa yake ikawa programu iitwayo MCAS: ikihisi pua imeinuka mno, hugeuza bawa la mkia ili pua ishuke, bila kuamriwa na rubani. Ilitegemea kipimo kimoja tu, ingawa ndege ilikuwa navyo viwili. Na katika kitabu cha marubani haikutajwa.

Tarehe 28 Oktoba 2018 ndege ya Lion Air ilitoka Denpasar kwenda Jakarta, huko Indonesia, kipimo kikiwa na kasoro. Pua ikasukumwa chini mara kwa mara. Chumbani alikuwemo rubani wa tatu, asiye zamu, akawasaidia wenzake. Walizima swichi zinazopeleka umeme kwenye bawa la mkia, wakaendelea kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono mpaka wakafika salama.

Lakini katika daftari la ndege hawakuandika kwamba walizima swichi hizo. Sisi tunaopokezana zamu tunajua uzito wa jambo hili. Asubuhi yake ndege ikapewa marubani wengine. Nahodha aliinua pua zaidi ya mara 20, na kila mara mtambo ukaishusha. Watu 189 wakafa.

Mwezi uliofuata chama cha marubani wa American Airlines kilikutana na Boeing, kikalalamika kwamba wanachama wake pia hawakuambiwa habari za mtambo huo. Basi wale waliosema kosa ni la marubani wa nchi maskini tunawakatalia.

Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines ilitoka Addis Ababa kuja Nairobi. Marubani walizima zile swichi, kama Boeing ilivyokuwa imeagiza baada ya ajali ya kwanza. Lakini mwendo ulikuwa mkali mno, gurudumu likakataa kuzunguka kwa mkono. Walipowasha umeme tena, mtambo ukasukuma tena. Watu 157 walikufa, 32 kati yao Wakenya.

Ndipo ndege hizo zikazuiwa duniani kote, na hazikubeba abiria tena mpaka Desemba 2020. Sasa MCAS husoma vipimo vyote viwili, visipopatana, hunyamaza. Marubani nao hufunzwa jambo hilo katika chumba cha mazoezi.

Swali la kujadili tawini: katika mashine yako, ni kifaa gani kinachojiendesha chenyewe, na swichi ya kukizima iko wapi?